Kampuni ya Mackinnon: Nani Alinunua, Nani Alilipa?

Msafiri atokaye Bura kwenda Mombasa huteremka hadi Mwatate, akafika Voi, kisha akashika barabara kuu ya kuelekea pwani. Akiisha kupita Maungu hufika mji mdogo uitwao Mackinnon Road, wenye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli. Wanafunzi wetu wengi wamepita hapo wakienda likizo. Kaburi hulijua, mwenye jina la mji hawamjui. Nasi tunaofundisha lugha twafahamu kwamba jina la mahali ni kumbukumbu, na kumbukumbu isiyoelezwa hubaki sauti tupu.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 mjini Campbeltown, Uskoti. Alianza maisha katika biashara ya vyakula vya dukani, kisha mwaka 1847 akaenda India na kushirikiana na Robert Mackenzie katika biashara. Mwaka 1856 aliunda kampuni ya meli iliyosafirisha barua kati ya Calcutta na Burma, ambayo baadaye ikajulikana kwa jina la British India. Kuanzia 1872 meli zake zilichukua barua hadi Zanzibar, na hapo ndipo macho yake yalipogeukia bara la Afrika. Mwaka 1877 alianza kumshawishi Sultan Barghash amkodishie pwani, lakini mazungumzo yakavunjika. Hakukata tamaa. Mwaka 1887 Barghash alikubali kukodisha sehemu ya pwani kwa miaka 50, na mnamo Septemba 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni ya Mackinnon hati ya kifalme. Ndiyo ile Imperial British East Africa tunayoisoma katika vitabu vya historia.

Wenye hisa wa kampuni hiyo aghalabu walikuwa marafiki zake na watu waliochukia biashara ya utumwa, akiwamo Thomas Fowell Buxton. Walitoa fedha wakitumaini kupata faida na thawabu kwa pamoja. Hawakupata mgao wa faida hata mara moja. Barabara ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka Mombasa kuelekea Kibwezi, ambayo ndiyo iliyouachia mji ule jina lake, iligharimu fedha. Reli ndogo waliyoianza Mombasa iliishia maili chache tu. Zaidi ya yote, safari ya Lugard nchini Uganda, iliyoanza mwaka 1890, ilimaliza hazina.

Hapo ndipo mjadala ulipopamba moto. Baadhi walishauri kampuni ijiondoe Uganda ili kuokoa kilichosalia. Wengine waliamini kwamba Serikali ya Uingereza haingekubali chanzo cha mto Naili kichukuliwe na taifa jingine, hivyo mwishowe ingelazimika kuinunua kampuni. Serikali yenyewe iligawanyika: Rosebery, waziri wa mambo ya nchi za nje, alitaka Uganda ishikwe, ilhali waziri mkuu Gladstone na Harcourt, waziri wa fedha, walipinga. Kampuni ilipotangaza kwamba itaondoka, waumini wa kanisa walichanga fedha ili ibaki mwaka mmoja zaidi. Mwishoni mwa 1892 Gerald Portal alitumwa kwenda kuchunguza, na mnamo Aprili 1893 akaishusha bendera ya kampuni na kupandisha ya Uingereza. Mackinnon alifariki London mwezi Juni mwaka huo huo, kabla ya kuujua mwisho wa shauri lake.

Mwisho huo ulikuja mwaka 1895. Kampuni ilinunuliwa kwa pauni 250,000, na wenye hisa hawakurudishiwa fedha zao zote. Lakini tuulize: fedha hizo zilitoka wapi? Hazina ya Uingereza ilitoa pauni 50,000 pekee. Pauni 200,000 zilikuwa mali ya Zanzibar, zilizotokana na malipo ambayo Ujerumani ilikuwa imetoa ili kuichukua pwani ya Tanganyika. Yaani aliyeikodisha pwani ndiye aliyelipia kuikomboa, na alipoisha kulipa hakukabidhiwa, Uingereza ikaitawala. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini hii ilipotea ilhali daftari liko wazi.

Zanzibar angalau ilitajwa katika hesabu. Bura haikutajwa. Mwaka 1892, mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Bura, watu wa London walikuwa wakibishana kuhusu thamani ya nchi ambamo milima ya Taita imo. Mtaita hakuwa na hisa, hakukodisha kitu, wala hakualikwa mkutanoni. Hata hivyo, mnamo Julai 1895 kampuni ilipotoa nafasi kwa utawala wa Kiingereza, naye alihamishwa pamoja na mali nyingine za kampuni, kama samani za nyumba iliyouzwa.

Siku hizi wanafunzi wa biashara hufundishwa jinsi Apple, kampuni ya Marekani ya kutengeneza kompyuta, ilivyokaribia kuanguka katika miaka ya 1990, ikavumishwa kwamba ingenunuliwa, kisha mwishoni mwa 1996 yenyewe ikatangaza kuinunua NeXT na kuanza kuinuka. Ni somo zuri, na wenye hisa wana haki ya kubishana kuhusu bei. Ila mwalimu asiishie kwenye bei. Awafundishe wanafunzi kuuliza maswali mawili zaidi kila wasikiapo uvumi wa kampuni kununuliwa, iwe ya kompyuta, ya mkonge au ya madini: fedha zinatoka mfukoni mwa nani, na ni nani anayeuzwa bila kuulizwa? Mfano hauko mbali. Uko njiani, baada ya Maungu, umeandikwa kwenye kibao cha barabara.