Ndege Wasio na Majina, Majina Yasiyo na Ndege

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu tunawaachia wenye maduka, kana kwamba mali ni fedha na bidhaa pekee. Mimi nilikumbushwa maana yake pana mwezi wa Aprili, nikiwa likizoni mtaani Burumba, hapa Busia ambapo malori hungoja zamu ya kuvuka kuingia Uganda.

Jioni moja mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alininyoshea kidole ndege mdogo aliyekuwa akiteleza hewani juu ya kiwanja cha nyasi. Rangi yake ilikuwa ya buluu iliyokoza, na mkia wake ulikuwa na nyuzi mbili ndefu. Aliniuliza jina lake, nikamjibu kwamba ni mbayuwayu. Akaniuliza ni mbayuwayu yupi. Mjomba wake, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, alinyamaza.

Baadaye nilisoma kwamba nyanda za nyasi za Busia zinatambuliwa kuwa eneo muhimu la ndege kwa sababu ya mbayuwayu wa buluu. Ndege huyu huzaana kusini, tangu Afrika Kusini hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kisha huja kukaa kandokando ya Ziwa Viktoria kati ya Aprili na Septemba. Yumo katika hatari ya kutoweka duniani. Je, ndiye niliyemwona? Siwezi kusema. Sikuandika tarehe, wala mahali hasa, wala urefu wa mkia. Nilikuwa na mali mkononi lakini sikuwa na daftari.

Ndipo nikamkumbuka mtu mmoja ambaye hangeacha jioni kama ile ipite hivi hivi.

Frederick John Jackson alizaliwa Uingereza mwaka 1860. Alisomea Cambridge, lakini hakuwa mwanasayansi kwa kazi. Alifika Lamu mwaka 1884 kwa mwaliko wa rafiki yake aliyekuwa konseli wa Uingereza huko, naye alipenda bunduki na mawindo kama vijana wengi wa tabaka lake. Kilichomtenga na wawindaji wenzake ni kwamba hakutosheka na pembe na ngozi za wanyama wakubwa. Aliwatazama ndege wadogo pia, akawachuna na kuwahifadhi, akaandika alikowapata na walivyoishi. Siku hizo, kumjua ndege kulimaanisha kumuua kwanza.

Mwaka 1889 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilimkabidhi msafara wa kutoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria. Mwezi wa Novemba alifika kwa Mumia, mtawala wa Wawanga, mashariki ya hapa tulipo. Huko alipata barua za Kabaka Mwanga wa Buganda aliyehitaji msaada. Jackson alisita, akaenda zake Mlima Elgon. Mwanzoni mwa mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters alipita Mumias, akazifungua barua za Jackson bila haya, akakimbilia Buganda na kutia sahihi mkataba kabla yake. Kwa mizani ya siasa, safari ile ilimwaibisha Jackson, ingawa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka huohuo yalimpokonya Peters ushindi wake.

Kwa mizani ya elimu, hesabu yake ni nyingine. Wataalamu wa London walipoichunguza mizigo aliyorudi nayo, walikuta ndege wasiojulikana kwa sayansi. Mwaka 1891 pekee, kwale mmoja, hondohondo mmoja na ndege mmoja mweusi mwenye mkia mrefu, ambaye dume lake hurukaruka nyasini kuwavutia majike, walipewa jina la Jackson. Mwaka 1896 kinyonga wa pembe tatu naye akaitwa hivyo. Mkataba wa Peters umebaki kwenye vitabu vya historia, ilhali kinyonga yule bado anatambaa bustanini mwetu.

Jackson alijiunga na serikali ya Uganda mwaka 1894. Mwaka 1897, askari wa Kisudani walipoasi, alijeruhiwa vibaya kwa risasi kule Busoga, nusura afe. Wakati huo ardhi hii ya Busia, pamoja na sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo, ilikuwa bado upande wa Uganda. Ni mwaka 1902 ndipo mkoa huo ulipohamishiwa Kenya, na ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa nchi mbili. Mbayuwayu hawakuarifiwa.

Mwaka 1909, Jackson na wenzake walianzisha mjini Nairobi Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, naye akawa rais wake wa kwanza. Wanachama wengi walikuwa maofisa, wamishonari na walowezi waliotazama viumbe baada ya kazi. Kutokana na chama hicho kulizaliwa makumbusho ambayo ndiyo asili ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1911 Jackson aliteuliwa kuwa Gavana wa Uganda. Alipostaafu alirudi kwenye maandishi yake ya ndege, lakini alifariki Ufaransa mwaka 1929 kabla ya kuyakamilisha. Mtaalamu W. L. Sclater aliyamalizia, na mwaka 1938 yakatoka katika majuzuu matatu kuhusu ndege wa Kenya na Uganda.

Sisimulii haya ili kumsafisha. Jackson alitumikia kampuni na serikali zilizotutawala bila ridhaa yetu. Fauka ya hayo, hakuna msafara uliotembea bila wapagazi na wenyeji waliojua kwale hulala wapi na hondohondo hutaga katika mti gani. Wenyeji hao walikuwa na majina yao ya ndege hao tangu zama. Kwenye kikaratasi kinachofungwa mguuni mwa ngozi ya ndege katika makumbusho, utaona tarehe, mahali na jina la mkusanyaji. Jina ambalo ndege huyo aliitwa kijijini, kwa kawaida hulioni.

Ningeishia hapo kwa lawama, kama dhamiri yangu ingeniruhusu. Nilipokuwa mwanafunzi wa isimu niliketi na nyanya yangu kukusanya msamiati. Nilivutiwa na jinsi Waluhya wanavyosema linyonyi, Waganda wakasema ennyonyi, na Kiswahili cha kale kikawa na nyuni. Nyanya alinitajia majina 14 ya ndege wa mafunjoni na mashambani. Niliyaandika yote kwa uangalifu, nikaonyesha toni na ngeli. Kwenye safu ya maana nikaandika, mara 14, aina ya ndege.

Nyanya alifariki. Mafunjo tuliyoyatazama siku ile, kando ya Mto Sio, yamekatwa kwa sehemu kubwa, pakapandwa nduma na miwa. Leo nina majina 14 na sijui hata ndege mmoja anayeitwa kwa jina mojawapo. Jackson aliacha ndege wasio na majina yetu. Mimi, mwana wa mahali hapa, niliacha majina yasiyo na ndege. Ni nani kati yetu aliyekosea zaidi? Yeye alikuwa mgeni.

Kazi ya kuziunganisha nusu hizi mbili haihitaji bunduki, wala shahada. Tangu mwaka 2013 watu wa kujitolea wameichora ramani ya ndege wa Kenya kwa kuigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, wakiorodhesha kila ndege waliyemwona au kumsikia. Mwalimu wa Busia au Malaba aweza kufanya vivyo hivyo na darasa lake: tarehe, saa, mahali, idadi, ndege alikuwa akila nini, na juu ya mti gani. Kisha wanafunzi waongeze safu moja ambayo Jackson hangeweza kuijaza vema kuliko wao: jina alilolitaja mzee, na lugha ya mzee huyo, iwe Kikhayo, Kisamia, Kimarachi au Kiteso. Wamwonyeshe mzee ndege mwenyewe, au picha yake, kabla ya kuandika. Wasifanye nilivyofanya mimi.

Mpwa wangu alikwisha kununua daftari la mazoezi. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya siku iliyofuata jioni ile, jina la Burumba, na maelezo ya ndege watano. Safu ya majina ya kienyeji bado ni tupu. Nimempa orodha yangu ya majina 14, naye ameibandika ndani ya jalada. Likizo ijayo tutakwenda pamoja kwa wazee waliosalia.