Karl Landsteiner, mganga aliyegundua kwa nini damu ya mtu inaweza kuua mwingine

Zamani, waganga wa Ulaya walipomwongezea mgonjwa damu, mmoja alipona, mwingine alikufa papo hapo. Sababu haikujulikana.

Karl Landsteiner, mzaliwa wa Austria mwaka wa 1868, ndiye aliyeifumbua. Babake, mwandishi wa habari, alifariki Karl akiwa mtoto wa miaka sita. Mama akamlea hadi akawa mganga mwaka wa 1891.

Huko Vienna alichukua damu yake na ya wenzake wa kazi, akatenga maji ya damu na chembe nyekundu, kisha akachanganya ya huyu na ya yule. Nyingine zilikubaliana. Nyingine zilishikamana mabonge mabonge. Akaelewa kwamba ndani ya maji hayo mna askari wa mwili, antibodi, wanaokamata chembe yenye alama ya kigeni, hata kama ni ya ndugu aliyekuja kusaidia. Mwaka wa 1901 alitangaza makundi matatu: A, B, na lile tunaloita leo O. AB lilipatikana mwaka uliofuata.

Ajabu ni kwamba hospitali zilichelewa kumsikiliza. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka wa 1930 tu, akiwa amekwisha hamia New York. Huko, mwaka wa 1940, yeye na Alexander Wiener walitangaza alama ya Rezusi, ambayo wajawazito hupimwa hadi leo.

Juni 1943 moyo ulimshika akiwa maabarani, akafariki siku mbili baadaye. Tarehe aliyozaliwa, 14 Juni, ndiyo siku ya kimataifa ya watoaji damu.