Leo Fender: Fundi wa redio aliyekuza sauti ya gitaa

CLARENCE Leonidas Fender, ambaye ulimwengu wa muziki unamfahamu kwa jina Leo Fender, aliiaga dunia Machi 21, 1991 bila kujua kupiga gitaa. Hata hivyo, ni vigumu kumtaja mpiga gitaa la umeme wa nusu ya pili ya karne ya 20 ambaye hakufaidi, kwa njia moja au nyingine, kazi ya mikono yake.

Wengi humkumbuka kwa magitaa ya Telecaster na Stratocaster. Lakini kabla ya magitaa hayo kulikuwa na amplifaya, yaani chombo kinachokuza mlio wa nyuzi, na kabla ya amplifaya kulikuwa na duka dogo la kukarabati redio. Humo ndimo ilimozaliwa siri ya ufanisi wake: aliunda vyombo akijua fika kwamba siku moja vitaharibika, na kwamba kuna fundi atakayelazimika kuvifungua.

Fender alizaliwa Agosti 10, 1909 katika familia ya wakulima wa michungwa, kati ya miji ya Anaheim na Fullerton jimboni California, Marekani. Akiwa na umri wa miaka minane alipatwa na uvimbe katika jicho la kushoto. Jicho hilo likaondolewa, akawekewa la kioo. Ulemavu huo ndio uliomwepusha baadaye na kuandikishwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Alipokuwa kijana wa miaka 13, mzee mmoja wa ukoo wao, John West, aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari mjini Santa Maria, alimtumia sanduku la vipuri vya redio. Tangu siku hiyo kijana huyo hakuacha kuchokora nyaya.

Cha kushangaza ni kwamba chuoni hakusomea umeme bali uhasibu. Alifanya kazi katika kampuni ya barafu, kwanza akisambaza bidhaa na baadaye akiwa karani wa hesabu, huku elimu ya umeme akijifundisha mwenyewe. Mwaka 1934 alimwoa Esther Klosky. Mdororo wa uchumi wa miaka hiyo ulimpokonya ajira zaidi ya mara moja, na mnamo 1938 alikopa dola 600 akafungua duka mjini Fullerton, akaliita Fender Radio Service.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Waliobisha hodi dukani hawakuwa wenye redio mbovu pekee. Wanamuziki wa bendi za densi walimletea amplifaya zilizonguruma au kunyamaza, na vipaza sauti vilivyochoshwa na safari za kila wikendi. Kila alipofungua kimojawapo, fundi huyo alijifunza ni sehemu gani huharibika kwanza na ni ipi ambayo bisibisi haiifikii.

Katikati ya miaka ya 1940 alishirikiana na mwanamuziki Clayton Kauffman, maarufu kama Doc, kuunda magitaa ya kupakatwa pamoja na amplifaya zake chini ya nembo ya K&F. Kauffman aliingiwa na hofu ya madeni, wakaagana mnamo 1946. Fender alibaki peke yake na kuanzisha kampuni iliyobeba jina lake.

Amplifaya za enzi hizo hazikuwa na transista. Zilitegemea valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa, ambamo waya mwembamba hupashwa moto hadi ukang'aa. Mlio hafifu wa gitaa huingia katika valvu ndogo za mwanzo na kukuzwa, kisha hupelekwa kwenye valvu kubwa za mwisho ambazo, kupitia kwa transfoma, huisukuma spika.

Valvu huchakaa kama balbu inavyochakaa. Mwenye kiwanda anayemuuzia mtu chombo cha namna hii na kukifanya kigumu kufungua, huwa amemuuzia tatizo. Fender hakutaka kuwa wa namna hiyo.

Katika amplifaya zake, valvu huchomekwa kwenye soketi na kutolewa kwa mkono. Ukifungua skrubu chache za ubao wa nyuma, unaziona zote zimejipanga safu moja. Ndani ya sanduku hubandikwa karatasi inayoonyesha kila valvu na mahali pake. Vipuri vidogo vidogo alivipanga juu ya ubao mgumu wenye vijitundu, kila kimoja kikionekana wazi, ili fundi akitoe na kulehemu kingine bila kuvuruga jirani zake.

Kutokana na mpangilio huo, mwenye amplifaya ya valvu anaweza kujifanyia mengi. Iwapo inakwaruza au kulia kama kengele, huigonga polepole kila valvu ndogo kwa penseli ya mbao. Ile inayopiga kelele kupitia spikani ndiyo ya kubadilishwa. Valvu kubwa, pale zilipo mbili au nne, hubadilishwa kwa jozi zinazolingana.

Katika amplifaya ndogo kama Champ, mkondo wa valvu ya mwisho hujirekebisha wenyewe. Katika kubwa kama Twin Reverb ya mwaka 1963, sharti fundi aupime na kuurekebisha upya kila valvu hizo zinapobadilishwa. Mkondo ukizidi, valvu huiva nyekundu na kuungua. Ukipungua mno, sauti hupooza.

Lakini pana mpaka ambao mpiga gitaa hapaswi kuuvuka. Ndani ya amplifaya kubwa mna umeme wa zaidi ya volti 400, na kapasita zinazouchuja huweza kuuhifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa. Umeme huo unaua. Kapasita hizo hukauka baada ya miaka mingi na kukifanya chombo kingurume, lakini kazi ya kuzibadilisha ni ya fundi aliyefunzwa kuondoa umeme uliobaki kabla ya kugusa chochote.

Aidha, amplifaya ya valvu haipigwi kabla ya spika kuunganishwa, kwani transfoma inayoilisha spika huweza kuungua. Kwa msomaji wa hapa Kenya pana tahadhari nyingine: zile zilizoundwa kwa ajili ya soko la Marekani huhitaji takriban volti 120, ilhali soketi zetu hutoa 240. Bila transfoma ya kushusha umeme, chombo kilichodumu zaidi ya miaka 50 huweza kuteketea kwa muda mfupi.

Kwa kuwa hakuwa mpiga gitaa, Fender aliwategemea wapigaji kumwambia palipo na kasoro. Aliwapa vyombo vya majaribio wakavitumie jukwaani, kisha akavirekebisha. Gitaa la besi la Precision lilipotoka mwaka 1951, ilibidi liundiwe amplifaya inayoweza kuhimili mlio wake mzito. Hivyo ikazaliwa Bassman mwaka 1952.

Amplifaya hiyo ilipendwa hata na wapigaji wa magitaa ya kawaida. Jijini London, mwenye duka la ala za muziki Jim Marshall na mafundi wake waliichukua Bassman kama kielelezo walipounda amplifaya yao ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hivyo basi, hata mshindani mkubwa wa Fender katika muziki wa roki alianza kwa kufuata ramani yake.

Huko California, kijana Dick Dale alipiga kwa nguvu zilizoziunguza amplifaya na kupasua spika. Badala ya kumlaumu, Fender alikwenda ukumbini kumsikiliza mbele ya umati, kisha akarudi karakanani. Matokeo ya juhudi hizo yalikuwa Showman, yenye spika ya inchi 15.

Hata hivyo, afya yake ilikuwa imezorota. Tangu miaka ya 1950 aliandamwa na maambukizi ya bakteria yasiyosikia dawa, akaamini siku zake zinahesabika. Januari 1965 kampuni iliuzwa kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Muda si mrefu baadaye alipata tiba, akapona. Alikuwa ameuza kazi ya maisha yake kwa kuogopa kifo ambacho hakikuja.

Wamiliki wapya walitoa amplifaya za transista mwaka 1966, nazo zikaharibika mara kwa mara. Forrest White, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda tangu enzi za Fender, alizipinga na kuondoka. Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi walianza kuzisaka amplifaya zilizoundwa kabla ya mauzo hayo. Mwaka 1985 CBS iliiuza kampuni kwa kundi la wafanyakazi wake.

Mkataba wa mauzo ulimzuia Fender kushindana na CBS kwa miaka 10. Muda huo ulipokwisha, mwaka 1975, alitangazwa kuwa rais wa kampuni ya Music Man, na mnamo 1979 akaanzisha G&L pamoja na rafikiye wa siku nyingi George Fullerton. Mkewe Esther alifariki mwaka huo huo. Mwaka uliofuata akamwoa Phyllis.

Ugonjwa wa Parkinson ulimdhoofisha uzeeni, lakini aliendelea kwenda karakanani hadi siku zake za mwisho. Mwaka 1992 jina lake liliingizwa katika Jumba la Kumbukumbu la Rock and Roll nchini Marekani.

Amplifaya alizounda katika miaka ya 1950 zingali zinapigwa na kununuliwa kwa bei ghali. Hazikudumu kwa kutoharibika. Zimebadilishwa valvu na kapasita mara nyingi, na mafundi ambao hawakuwahi kumwona aliyeziunda. Alikuwa amewaachia nafasi ya kuingiza mikono yao.