Mwenye Heri Niels Stensen: Mpasuaji Aliyedai Ukweli, Askofu wa Maskini

Pale Upanga, wilayani Ilala, wanafunzi wa udaktari wa Muhimbili hujifunza maumbile ya mwanadamu, na kama wenzao popote duniani, hutegemea sana michoro. Kwa karne nyingi michoro ya namna hiyo imetokana na miili ya marehemu, watu waliokuwa na majina na jamaa zao. Je, mchoro husema kweli? Na aliyelala mezani alipewa heshima yake? Maisha ya Mwenye Heri Niels Stensen yanatusaidia kuyatafakari maswali hayo.

Alizaliwa Copenhagen, Denmark, Januari 1638, mtoto wa sonara, akalelewa katika Kanisa la Kilutheri. Akasomea udaktari mjini humo, kisha Uholanzi. Mwaka 1660, alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo mjini Amsterdam, aliuona mfereji upelekao mate kinywani kutoka tezi iliyo karibu na sikio. Mfereji huo unaitwa kwa jina lake hata leo. Baadaye alionyesha kwamba moyo ni msuli, si tanuru la joto la mwili kama wengi walivyodhani.

Mwaka 1665 alialikwa Paris kuzungumza juu ya ubongo mbele ya wataalamu. Badala ya kujisifu, alianza kwa kukiri kwamba hajui kitu kuhusu kiungo hicho. Kisha akaikosoa michoro iliyotumika wakati ule. Hata ile ya Thomas Willis, Mwingereza, aliyoihesabu kuwa bora kuliko zote, aliikuta na makosa. Alieleza kwamba kisu kikipita ovyo huharibu umbo la kitu, na mchoraji huishia kuchora madhara ya kisu. Wengine walichora yale waliyoyaamini kabla ya kutazama. Kwa Stensen, mchoro wa uongo ulikuwa jambo zito, kwa kuwa mganga asiyeujua mwili huweza kumwumiza mgonjwa.

Moyo huo wa kutafuta ukweli haukuishia kwenye meza ya kupasulia. Mwaka 1666, mjini Livorno, Italia, maandamano ya Ekaristi Takatifu yalimgusa sana. Baada ya kusali na kuchunguza mafundisho ya Mababa wa Kanisa, alipokewa katika Kanisa Katoliki Novemba 1667. Alipewa daraja la upadre mwaka 1675, na mwaka 1677 akawekwa wakfu kuwa Askofu, akatumwa kuwachunga Wakatoliki wachache wa kaskazini mwa Ulaya. Huko aliishi kifukara, akagawa alichokuwa nacho kwa wahitaji. Alifariki Schwerin, Ujerumani, mwaka 1686. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 23 Oktoba 1988.

Hata hivyo, zama zake zilikuwa na kivuli chake. Miili iliyopasuliwa mara nyingi ilikuwa ya watu walionyongwa kwa hukumu, au ya maskini wasio na wa kuwazika, na hakuna aliyewaomba ridhaa. Nasi Watanzania tunalijua donda hilo. Baada ya Mtwa Mkwawa kufa mwaka 1898, kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani, na mafuvu mengi ya Waafrika yalipelekwa Ulaya kupimwa kama vitu visivyo na wenyewe. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Kupima kwa makini peke yake hakutoshi. Aliyepimwa ni mtu.

Kanisa halikatazi uchunguzi wa miili kwa ajili ya elimu. Katekisimu yake inauruhusu, na kusifu utoaji wa viungo kwa hiari baada ya kifo, lakini inadai miili ya marehemu itendewe kwa heshima na upendo, katika tumaini la ufufuko. Mwili uliobatizwa, uliompokea Kristo katika Ekaristi, haugeuki kuwa kitu kwa sababu pumzi imetoka.

Mwezi Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tuwakumbuke pia wale ambao miili yao iliwafundisha waganga wanaotutibu. Wengi wao hawakuzikwa na ndugu zao. Mwenye Heri Niels Stensen awaombee madaktari na wanafunzi wao, watazame kwa uaminifu na kugusa kwa heshima.