Nyumba Njema Si Mlango: Kivoi wa Mwendwa, Tajiri wa Kitui

Sisi watu wa pwani tuna mizani yetu ya kumpimia tajiri. Kwanza twautazama mlango wake: mbao ni ya mti gani, na nakshi imechongwa na fundi wa wapi. Kisha twaketi barazani, na tukijaaliwa kukaribishwa ndani, macho hupanda yenyewe hadi kwenye zidaka kuhesabu sahani za Kichina. Mizani hiyo nimeirithi na mimi, niliyelelewa baina ya kuta za mawe na chokaa. Walakini yuko tajiri mmoja wa bara ambaye tungempimia mizani hiyo tungemwita fukara, na hali misafara yake ilikuwa ikisubiriwa kwa hamu hapa kwetu Mombasa. Jina lake ni Kivoi wa Mwendwa.

Kivoi alikuwa Mkamba wa Kitui, naye alizaliwa katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Aliinukia katika zama ambazo Wakamba ndio waliokuwa mabingwa wa njia ya pwani. Walipita nyika ya Tsavo, mahali ambapo maji ni adimu na miiba ni tele, wakateremka hadi Rabai na Mombasa na pembe za ndovu mabegani. Waliporudi walichukua nguo, ushanga, chumvi na masango ya shaba. Kivoi alikuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo. Alikuwa na wake wengi, mifugo mingi, na watu wengi waliomfuata akiamua safari. Alikuwa na watumwa pia. Hilo halifai kufichwa, kwani biashara ya zama zile ilikuwa na uso wake wa giza, bara na pwani.

Basi tajiri huyu aliishi katika nyumba gani? Aliishi kama walivyoishi Wakamba wote wa wakati wake, katika nyumba ya mviringo ya fito na nyasi. Fito zilikunjwa zikakutana juu, kisha nyasi zikateremshwa hadi kukaribia ardhi. Mlango ulikuwa mfupi, mtu aingia ameinama, na ndani mna mafiga matatu na mahali pa kulala. Kando ya nyumba yalisimama maghala ya nafaka, waitayo ikumbi, na mbele ya boma palikuwa na thome, uwanja wa wanaume kuota moto na kukata mashauri. Tajiri na maskini walitofautiana kwa idadi ya nyumba, wingi wa maghala na ukubwa wa zizi. Kimo cha ukuta hakikuwa kipimo cha mtu.

Msinielewe kwamba Kivoi alikuwa zahidi aliyeikimbia dunia. La. Aliipenda mali na aliitafuta kwa jasho na kwa mkuki. Ila katika nchi ya ukame, mali ya maana ni ile itakayokuvusha hadi mvua nyingine: nafaka ghalani, ng'ombe zizini, na jamaa watakaokupa hifadhi siku ya njaa. Ukuta mrefu haukamuliwi maziwa.

Tena liko jambo la kustaajabisha. Pembe zilizoteremshwa na Wakamba ziliingia majahazini, zikaenda Unguja, na kutoka huko zikasafirishwa Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Zikachongwa bangili, vishikio vya visu, mipira ya meza za michezo na vibao vya piano. Yaani ndovu alianguka katika vichaka vya Ukambani ili sebule ya mtu asiyeijua Kitui ipate pambo. Aliyeziuza alilala chini ya nyasi, na aliyezinunua akaweka piano ambayo pengine hakuna nyumbani mwake aliyejua kuipiga.

Jina la Kivoi liliingia vitabuni kwa sababu ya Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa misheni aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai, yule yule aliyeandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882. Mwaka 1849 Krapf alikwenda Kitui, na Kivoi akampokea mgeni wake kwa heshima. Ni Kivoi aliyempa habari za mlima wenye kilele cheupe, na tarehe 3 Desemba mwaka huo mawingu yalipofunguka, Krapf akauona Mlima Kenya kwa macho yake. Ulaya wako wataalamu waliomkadhibisha, wakidai kuwa theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Kivoi hakuhitaji idhini ya wataalamu hao. Mlima alikuwa akiujua.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani, akitaka kujenga kituo katika uwanda wa Yatta. Kivoi alikuwa na safari yake ya kwenda mto Tana kutafuta pembe, wakafuatana. Mwezi wa Agosti, wakiwa wamekaribia mto, wanyang'anyi waliwavamia. Wafuasi wengi walitawanyika vichakani, na Kivoi akauawa pale pale pamoja na wachache waliobaki naye. Huo ndio uliokuwa mwisho wa mtu aliyetajwa toka milima ya Kitui hadi bandarini Mombasa.

Krapf alinusurika, akajikuta peke yake nyikani. Alipofika Tana alikunywa hadi akashiba, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji ya njiani. Akaijaza maji ala ya ngozi ya darubini yake, na mitutu ya bunduki akaijaza vile vile, akaiziba kwa nyasi. Nyasi zikachomolewa na miiba na maji ya mitutuni yakamwagika. Siku nyingine kiu ilipomzidi alisikia sauti za nyani katika mkondo wa mto uliokauka. Akazifuata, akakuta shimo walilolichimba mchangani, na ndani yake maji. Jamaa wa Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mkubwa wao, naye akatoroka usiku na kurudi Rabai.

Kisa hicho nakitaja kwa sababu ndani yake limo somo la ujenzi. Darubini ni chombo cha thamani, lakini siku ya kiu thamani yote ilihamia kwenye ala yake. Na mchanga ambao mpita njia huudharau ndio uliotunza uhai.

Nimepita Ukambani mara nyingi, toka Kibwezi hadi Wote na toka Kitui mjini hadi Mutomo. Siku hizi nyumba za fahari zinachipuka kila kilima. Mwenyeji wangu mmoja wa Makueni, ambaye simtaji, amejenga nyumba yenye nguzo nne mbele, sebule mbili, vyoo vitatu vya ndani, na paa la mikunjo mingi kama karatasi iliyofinyangwa. Mlizamu wa kukinga maji, au gata kama wasemavyo mafundi, hakuuweka hata mmoja, maana fedha zilimalizikia kwenye nguzo. Mamake mzee hununua maji ya mitungi yaletwayo kwa punda, na vyoo vitatu vimefungwa kwa ufunguo.

Tufanye hesabu pamoja, msomaji mpenzi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 8, msimu ukileta milimita 300, hupokea lita 24,000. Toa sehemu ya tano iliyopotea, zinabaki lita 19,200, yaani mitungi 960 ya lita 20. Ukiwa na tangi la kuyatosha, watu wanne wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, maji hayo ni ya siku 240. Na paa la kawaida la migongo miwili ndilo lililo rahisi kufungiwa mlizamu. Mikunjo hula mbao, hupoteza mabati, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja.

Kisha uko mchanga. Malori yamekuwa yakiuchota katika mito ya Makueni na kuupeleka Nairobi na kwingineko, ukajengee maghorofa na kuta ndefu. Mchanga ukishaondoka, maji ya mvua hupita mbio na mto hubaki mwamba mtupu, na mama aliyekuwa akichimba mkono mmoja kupata maji sasa huenda mbali. Ugomvi ulizuka hata damu ikamwagika, na mwaka 2015 kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kuuhifadhi. Zamani pembe ndizo zilizoondoka kwenda kupamba sebule za wengine. Leo ni mchanga, na mchanga ndio birika la nchi ile.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wajinga wa jambo hili. Pamoja na nakshi zao zote, walijenga birika la maji ndani ya nyumba, na upana wa chumba wakaukata kwa urefu wa boriti waliyonayo. Israfu tumeikatazwa, lakini pambo si dhambi likija kwa zamu yake. Zamu hiyo ni maji kwanza, kisha paa lisilovuja, kisha kivuli na upepo, kisha mahali pa kuwekea chakula. Fedha zikibaki, muite mchonga milango.

Kivoi hakuacha jumba la kuonyesha watalii, na nyasi za nyumba zake ziliisha kama nyasi zote. Alichokiacha ni jina, na swali ambalo kila anayemwita fundi amchoree nyumba angefaa kujiuliza: mvua ikikosekana mwaka huu, ni kitu gani katika nyumba hii kitakachonisaidia?