Lord Egerton: Bwanyenye aliyeacha makasri mawili bila mrithi

MGENI anayetoka mjini Nakuru kuelekea Njoro huhimizwa na wenyeji asirudi kwao kabla ya kulizuru kasri la Lord Egerton, lililoko eneo la Ngata, kilomita 14 hivi kutoka mjini. Akifika, hulakiwa na jumba la mawe lenye vyumba 52, bustani pana na kisa kimoja ambacho kila mtembeza wageni hukisimulia: kwamba jumba hilo lilijengwa kwa ajili ya mwanamke aliyekataa kuishi ndani yake.

Kisa hicho ni kitamu. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, na mgeni anayeondoka na kisa hicho pekee huwa ameishia mlangoni. Kumwelewa mwenye kasri la Njoro kunahitaji safari ya mbali zaidi, hadi mashambani mwa Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, alikotoka.

Maurice Egerton alizaliwa mwaka wa 1874 katika ukoo wa makabaila. Makao ya ukoo huo yalikuwa Tatton Park, karibu na mji mdogo wa Knutsford. Tatton iliingia mikononi mwa akina Egerton mnamo 1598, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kwa zaidi ya karne tatu kila kizazi kikaongeza chake. Jumba linaloonekana sasa lilisanifiwa na Samuel Wyatt, kisha likakamilishwa na mpwa wake, Lewis Wyatt. Msanifu bustani mashuhuri, Humphry Repton, alitoa mapendekezo yake kuhusu sura ya viunga hivyo mwaka wa 1791.

Anayezuru Tatton hutembea siku nzima asiyamalize. Kuna makundi ya kulungu wanaolisha kandokando ya ziwa, na nyumba ya kioo iliyojaa mimea aina ya kangaga. Kuna pia bustani ya Kijapani, iliyoanzishwa na babake Maurice, Alan, baada ya maonyesho ya Kijapani yaliyofanyika London mwaka wa 1910. Bustani hiyo ya maji, mawe na miti iliyopangwa kwa subira ilianzishwa Maurice akiwa tayari mtu mzima.

Hata hivyo, Maurice hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alisafiri hadi Yukon, Kanada, kutafuta dhahabu. Alipenda kupiga picha na kuwinda. Gari lake aina ya Benz lilipewa namba M 1, ya kwanza kabisa kusajiliwa Cheshire. Ndege zilipoanza kuruka, alifanya urafiki na ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, waliovumbua chombo hicho. Mnamo 1910 alipata cheti cha urubani nambari 11 cha klabu ya kifalme ya urubani ya Uingereza. Yaani ni watu kumi tu waliomtangulia kukipata nchini mwake.

Babake alipofariki mwaka wa 1920, Maurice akawa Lord wa nne wa Tatton. Alikuwa na umri wa miaka 46, hana mke wala mtoto.

Ardhi ya Njoro

Miaka ya 1920 ilimkuta akiwa tayari ameiangazia macho Kenya. Njoro ilikuwa sehemu ya nyanda za juu ambazo serikali ya kikoloni ilikuwa imewatengea Wazungu. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kutoka sehemu hiyo ya Bonde la Ufa baada ya mkataba wa mwaka wa 1904, na jirani wa walowezi wote hapo, Lord Delamere, alikuwa ameshajikita. Egerton naye akajipatia maelfu ya ekari.

Hili halina budi kutajwa, kwani bustani huficha mengi. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda hizo. Aliingia kama kibarua au mpangaji wa kujilipia kwa jasho. Uzuri wa viunga vya Ngata ulimea juu ya utaratibu huo.

Ujenzi wa kasri ulianza mwaka wa 1938. Vita vya Pili vya Dunia vikaukatiza, na ukaja kukamilika mwaka wa 1954. Ndani yake mlitengenezwa ukumbi mkubwa wa dansi wenye kinanda cha mabomba, meko za kuotea moto na chumba maalumu cha kusafishia picha.

Hapa ndipo kisa cha mwanamke huingia. Husimuliwa kuwa Egerton alimleta mchumba katika nyumba yake ya kwanza, ndogo, naye akaidharau na kuifananisha na banda la kuku. Akajenga kasri, mwanamke akaliona kama makavazi, akaondoka. Tangu hapo, wasema wasimulizi, bwana huyo aliwapiga wanawake marufuku kukanyaga ardhi yake.

Ni kiasi gani cha masimulizi hayo ambacho ni kweli? Tarehe zenyewe zinatutaka tutafakari. Jiwe la kwanza lilipowekwa, Egerton alikuwa anatimiza miaka 64. Jumba lilipokamilika alikuwa anagonga 80. Yamkini palikuwa na moyo uliovunjika. Lakini aliyewahi kuiona Tatton hukosi kushuku jambo jingine: kwamba mzee huyo alikuwa akijijengea upya makao ya ukoo wake, chini ya jua la Bonde la Ufa. Aliishi humo kwa takriban miaka minne tu.

Shule iliyomzidi mwanzilishi

Mwaka mmoja baada ya ujenzi kuanza, mnamo 1939, Egerton alifanya jambo ambalo halikuvutia wasimulizi wa mapenzi. Alitoa ekari 740 ili ianzishwe shule ya kilimo hapo Njoro. Nia yake haikuwa ya kumfaa kila mtu: shule hiyo ilikusudiwa kuwafunza vijana wa Kizungu kazi ya ukulima. Mwaka wa 1950 ilipandishwa hadhi kuwa Chuo cha Kilimo cha Egerton, na mnamo 1958 akaiongezea ekari 1,100.

Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, Egerton alifariki nchini Kenya akiwa na umri wa miaka 83. Akazikwa Nakuru. Kwa kuwa hakuacha mtoto, cheo cha Lord wa Tatton kilikufa pamoja naye. Jumba na bustani za Tatton alizirithisha National Trust, shirika linalohifadhi majengo na mandhari ya kihistoria nchini Uingereza, na uendeshaji ukawa mikononi mwa serikali ya mtaa ya Cheshire. Hivyo viunga vilivyofungiwa watu wa kawaida kwa karne nyingi vikawa mahali pa kila mwenye nauli.

Njoro nako mambo yaligeuka. Mnamo 1961, miaka miwili kabla ya uhuru, chuo kilifungua milango kwa wanafunzi wa kila rangi. Mwaka wa 1986 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1987 Bunge likakifanya Chuo Kikuu cha Egerton. Kasri lenyewe liko chini ya chuo hicho. Kina mama huingia humo bila kuulizwa, na maharusi wamekuwa wakifunga ndoa katika bustani ambayo inadaiwa mwenyewe hakutaka kumwona mwanamke akipita.

Hayo ndiyo yanayofaa kukumbukwa na anayetembea katika vyumba hivyo 52 vilivyo kimya. Egerton alijenga jumba kwa ajili yake, likawa la wageni. Alianzisha shule kwa ajili ya wana wa walowezi, ikawa ya watoto wa vibarua. Bila kukusudia, alipanda mti ambao kivuli chake kimewafikia watu ambao hakuwapangia nafasi.

Basi ukifika Ngata, msomaji, kisikilize kisa cha mapenzi hadi mwisho, kinastahili. Kisha usirudi Nakuru mara moja. Endelea na barabara hadi Njoro, usimame langoni mwa chuo wakati madarasa yanapofumuka, uwatazame vijana wanaotoka.