Carey Francis: Mwanahisabati aliyeuthamini uwanja wa michezo

MSAFIRI atokaye Kisumu kuelekea Busia hupita Otonglo, kisha Kisian, kabla ya barabara kupanda vilima hadi Maseno, karibu na mstari wa ikweta. Huko ndiko mwanahisabati mmoja Mwingereza alikoanzia kazi iliyogusa malezi ya vijana wengi wa Kenya, darasani na uwanjani.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Alipigana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia akiwa afisa wa kikosi cha mizinga, kisha akasomea Chuo Kikuu cha Cambridge. Kipaji chake cha hesabu kilimpatia nafasi ya uhadhiri katika chuo cha Peterhouse. Maisha ya heshima na utulivu yalikuwa yakimngoja. Mwaka 1928 aliyaacha yote hayo, akaja Kenya kupitia shirika la kimishonari la CMS na kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906.

Ungedhani msomi wa aina hiyo angewafungia wanafunzi wake vitabuni mchana na usiku. Francis alikuwa mpenzi mkubwa wa kandanda, na kwake siku ya shule haikukamilika bila jasho. Wanafunzi walisoma, wakafanya kazi za mikono na kucheza. Yeye mwenyewe, akiwa amevaa kaptura yake, alikuwa pamoja nao uwanjani.

Aliuona mchezo kama somo la tabia na la mwili kwa pamoja. Mtoto alipaswa kujifunza kumpa mwenzake mpira, kutii uamuzi wa refa, kushinda bila majivuno na kushindwa bila kinyongo. Mambo hayo hayaandikwi ubaoni yakaeleweka. Hujifunzwa kwa kutendwa.

Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake Maseno ni Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya mwaka 1964. Mwaka 1940 Francis alihamia Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, akaiongoza hadi mwaka 1962. Alliance ilisifika kwa matokeo ya mitihani, na wengi wa mawaziri wa serikali ya kwanza ya Kenya huru walikuwa wamesomea hapo.

Hakukosa lawama. Nidhamu yake ilikuwa kali, na baadhi ya waliosoma kwake walimwona kama mzazi asiyetaka wanawe wakue upesi. Wakati wa Hali ya Hatari alipinga Mau Mau, lakini pia alilalamikia waziwazi ukatili wa majeshi ya serikali ya kikoloni.

Hakuoa, na alipostaafu hakurudi kwao. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, Nairobi, akiwa mwalimu wa kawaida, hadi alipofariki mwaka 1966. Alizikwa Alliance.

Maisha yake yana funzo kwa wazazi na walimu wa leo. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, elimu ya viungo ilikuwamo kwenye ratiba lakini haikutahiniwa katika KCPE. Matokeo yake ni kwamba katika shule nyingi kipindi hicho kilimezwa na hesabu au Kiingereza. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017 uliipa michezo hadhi zaidi, ila hofu ya mzazi kwamba mchezo huiba alama haijatoweka.

Ilhali mwili wa mtoto hauna subira. Kukimbia, kuruka na kurusha huimarisha mifupa, misuli na moyo katika miaka ambayo viungo hivyo vinajengeka. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 za mazoezi kila siku.

Francis alijua thamani ya hesabu kuliko wengi wetu. Hata hivyo hakuona sababu ya kumnyima mtoto uwanja ili apate alama. Watoto wa Otonglo wanaofukuzana na mpira wa makaratasi jioni hawapotezi wakati, wanakua.